Bi Mkubwa na Mtaro

Farasi wa gari la mikate aliitwa Bi Mkubwa, na jina alipewa na mke wa muuza mikate wiki ile ile aliyoolewa. Alichungulia bandani, akamwona farasi jike mwekundu anatafuna majani bila haraka, akamgeukia mumewe. "Kumbe nimeingia uke wenza. Basi huyu ndiye Bi Mkubwa, mimi Bi Mdogo."

Miaka kumi na tisa ilishapita tangu mzaha huo. Sasa Bi Mkubwa alikuwa amebonyea mgongo, meno yamelika, na macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Hilo la macho muuza mikate hakumwambia mtu. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kiwanda cha mikate, na banda vile vile. Msimamizi akisikia tu, atataka banda lake, na farasi asiye na banda mjini humngoja mnunuzi wa ngozi. Kila asubuhi muuza mikate aliomba, "Mola, nipe siku moja tena naye." Kisha aliona haya, maana alijua anamwomba Mungu amsaidie kuficha.

Kazi yenyewe ilimfichia. Bi Mkubwa aliijua njia kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Kwenye duka la kona muuza mikate alichukua kreti, akabamiza kifuniko cha gari, na kwa mlio huo farasi aliondoka peke yake kuzunguka kona. Muuza mikate alipita dukani, akaacha mikate, akatokea mlango wa nyuma hadi mgahawani. Walifika pamoja. Wapita njia walipenda kutazama.

Asubuhi hiyo alibamiza kifuniko kama kawaida, akaingia.

"Shemeji, mbona jasho mapema hivi?" mwenye duka akamwuliza. Alikuwa mjane mwenye ulimi mwepesi. "Au leo wewe ndiye uliyevuta gari?"

"Tunapokezana. Yeye kapanda, mimi nimevuta."

Mjane akacheka, akaanza kuhesabu mikate. "Na leo mtapitia wapi? Jana jioni wamechimba huku nyuma, wanalaza mabomba. Mtaro unammeza mtu."

Muuza mikate akaiweka kreti sakafuni taratibu, kana kwamba ndani yake mna mayai. Nje kwato zilikuwa zimekwisha kuanza, ko, ko, ko, zikielekea kwenye kona.

Angetoka mlango wa mbele angemwahi kwa nyuma, akashika hatamu. Lakini miguu ilifanya ilichozoea miaka yote: ilimpitisha kati ya magunia, ikamvusha ua, ikamtoa mlango wa nyuma. Aliponyanyua macho, mtaro ulikuwa kati yake na farasi wake.

Ulikuwa mrefu, umekata barabara nzima. Upande wa farasi mafundi walikuwa wamefunga kamba yenye vitambaa vyekundu, kwa ajili ya wenye macho. Bi Mkubwa alikuwa anakuja, masikio yamesimama, gari linamsukuma kidogo kwa sababu pale barabara inashuka.

"Mzee, msimamishe farasi wako," fundi bomba akamwambia kutoka kwenye rundo la udongo.

Muuza mikate alifungua mdomo. Akimwita, atakuja. Akinyamaza, atakuja vile vile. Neno la kumsimamisha hakuwa nalo, kwani Bi Mkubwa alisimama mwenyewe mlango hadi mlango, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kumfundisha. Hatua kumi. Hatua nane. Akaona jinsi miguu ile myembamba itakavyovunjika, na gari litakavyomwangukia.

Akaruka ndani ya mtaro.

Matope yalimfika vifundoni. Kichwa chake kikawa usawa wa magoti ya farasi. Kamba ikagusa kifua cha Bi Mkubwa, ikavutika, ikakatika. Muuza mikate akanyoosha mkono kuushika mguu, akaurudisha haraka: mguu wake ukiguswa, Bi Mkubwa huinua ukwato asafishwe, na akiinua sasa hivi atakuja mbele na mzigo wote. Udongo wa ukingoni ukammwagikia usoni. Ee Mungu wangu, ee Mungu wangu, alisema moyoni, na zaidi ya hapo hakuwa na sala.

Farasi akainamisha kichwa kunusa harufu ngeni ya udongo mbichi. Muuza mikate akakikandamiza kiganja juu ya pua yake, akasukuma. Ile pua laini, yenye joto, ikatulia mkononi mwake. Ukwato mmoja ulikuwa umetoka nje ya ukingo nusu nzima.

"Wekeni mawe kwenye gurudumu," akasema, polepole sana.

Fundi na wenzake wakaweka. Wakamfungua farasi, wakamrudisha nyuma hatua kwa hatua. Fundi akapitisha mkono mbele ya macho yake, mara mbili.

"Mnyama huyu haoni."

Muuza mikate alikuwa na jibu tayari, kwamba jua limempiga usoni. Alilitumia mara nyingi. Sasa alipanda kutoka mtaroni, akaona lile jibu linamchukiza.

"Haoni tangu mwaka jana. Nami nilijua."

Mjane alikuwa amesimama mlango wa nyuma. "Bi Mdogo anajua?"

"Hajui. Wala msimamizi."

"Basi leo unayo kazi." Akaonyesha uani kwa mkono. "Wakiwatoa, ua wangu huu una kuku wawili tu. Lakini majani utaleta mwenyewe, shemeji, mimi sikuahidi majani."

Muuza mikate aliliacha gari pale pale na mikate yake, akashika hatamu karibu na mdomo wa farasi, akaanza kutembea kuelekea kiwandani. Kiwanda kilikuwa mtaa wa pili. Bi Mkubwa, ambaye hakuwahi kuipita njia hiyo saa kama ile, alimwegemezea shingo begani na kukanyaga kwa wasiwasi, na kwenye kila jiwe muuza mikate alimwambia, "Inua. Haya, inua," mpaka wakalikaribia geti, na msimamizi amesimama nje anawatazama.