Filamu ya Sule Alivyoitafsiri Ladu

Aliyeniharibia Jumapili yangu ni Kevina, binti yangu mwenyewe. Tulikuwa tumemaliza kula, hapa nyumbani Onduparaka, redio ya jirani ikitangaza mpira kwa fujo zake za kawaida, akanisogezea simu. "Baba, si ndiyo hii film yako?"

Ilikuwa yenyewe. Vijana wanne wa mji wa wazungu wamekaa kwenye ngazi za jengo bovu, mmoja ametundika glavu za ngumi shingoni. Huyo ndiye Sule. Nilimtambua hata kabla hajageuka. Machozi yakanilengalenga, mimi Moris, fundi seremala mzima mwenye mafundi watatu chini yangu, na sikuona aibu. Miaka thelathini sijamwona yule kijana, na hajazeeka hata kidogo.

Tuliiona mjini kwetu Koboko mwaka wa tisini na nne, katika kibanda cha video nyuma ya soko. Kuta za mikeka, mabenchi ya mbao mbichi, jenereta linanguruma nje. Jina lake la kweli hatukulijua. Sule ni jina alilopewa bondia na Ladu, mtafsiri wetu. Ladu alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea watu wote: polisi kwa sauti nzito, wasichana kwa sauti nyembamba, na mbwa naye akapewa maneno yake. Kiingereza cha wale wazungu hakuna aliyekielewa. Alivyosema Ladu, ndivyo ilivyokuwa, na Ladu akishikwa na kikohozi, hadithi nzima inasimama kumngoja.

Tuliipenda kwa sababu ilikuwa ni sisi. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wanajeshi wa zamani, ngumi tulifundishwa uani na baba zetu. Mimi na rafiki yangu Angelo tulikuwa na glavu jozi moja: yeye alivaa ya kulia, mimi ya kushoto, tukapigana hivyo hivyo mpaka jua linazama. Na kama wale vijana wa kwenye picha, tulikuwa na udokozi wetu. Sisemi kwa kujisifu. Lori likilala mpakani Oraba likingoja karatasi zake, asubuhi lilikosa kitu.

Basi siku moja tukafungua betri ya lori. Angelo akakamatwa akiwa ameibeba begani. Mimi nikaingia mitini, nikakatiza mashamba ya mihogo mpaka Midia bila kugeuka nyuma. Angelo alikuwa na pambano Arua baada ya wiki mbili, na kocha wa Kampala alikuwa anakuja kuchagua vijana. Mimi sikuwa na pambano lolote. Polisi wakamuuliza mwenzake ni nani, hakunitaja.

Siku ya nne nikaingia kibandani, saa nane mchana, nijifiche tu. Wakaweka filamu ya Sule. Mkanda huo ulikuwa mgeni Koboko, ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona. Sule anakamatwa kwa redio ya gari aliyoiba rafiki yake, pambano lake limebaki siku tatu. Rafiki amekimbilia stendi ya mabasi. Anapiga simu, anaiweka, anatoka, anatembea barabara ndefu peke yake. Ladu akasogeza kipaza sauti mdomoni, akasema polepole:

"Mimi narudi. Mutu haachi mwenzake kwa mikono ya polisi. Naenda kusema ni mimi."

Sikungoja Sule ashinde. Nilitoka pale nikaenda kituoni kwa miguu, nikasema betri niliiba mimi, Angelo nilimbebesha tu. Nikala miezi sita jela. Angelo akapigana Arua, akachaguliwa. Leo yuko Jinja anafundisha vijana ngumi, na mtoto wake wa kwanza anaitwa Moris. Nyumba yangu ni ya kawaida, ndoa yangu ilivunjika, lakini nilirudi. Ndicho kitu kimoja maishani mwangu ninachojivunia, na Kevina amekisikia tangu mdogo mpaka amechoka.

Sasa tukafika pale kwenye stendi. Kevina amesoma, Kiingereza kwake ni maji. Akasimamisha picha.

"Baba, hasemi anarudi. Anasema, 'Mwambie mama nimeondoka. Rafiki yangu atajua mwenyewe.' Anatoka kwa sababu nauli haimtoshi, anafuata basi la bei nafuu kituo kingine. Sule wanamwachia kwa kuwa mwenye redio ameshindwa kumtambua."

Nikamwambia arudishe. Akarudisha mara tatu. Damu ikanichemka. Kwa hiyo niliingia jela kwa maneno ya mtu aliyekuwa anatia chumvi ili mabenchi yajae? Hicho kitu changu kimoja, kumbe ni uongo wa Ladu? Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikapanda gari la Koboko, kisha bodaboda mpaka Midia anakoishi Ladu, nimekunja uso njia nzima.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwake anamenya karanga. Amebaki mifupa, lakini sauti ni ile ile, ya Sule, ya polisi na ya mbwa. Nikasalimu vibaya, sikungoja hata kupewa kiti.

"Mzee Ladu, ile film ya boksa, kijana hakurudi. Wewe ulidanganya sisi."

Akanitazama bila kunijua. "Mimi Kiingereza sikujua, mutoto yangu. Kiingereza yangu ilikuwa ya kwata ya jeshi. Lefti, raiti, halti."

"Sasa ile maneno ulitoa wapi?"

Akamenya karanga tatu, nne.

"Mwaka ya sabini na tisa, serikali imeanguka, sisi askari tulikimbia. Mimi na mdogo yangu Jada. Jada iko na jeraha kwa mguu. Tulifika karibu na Oraba, hawezi tena. Nikamwambia, ngoja hapa, naenda Kaya, ng'ambo ya mpaka, kutafuta baiskeli. Baiskeli nilipata." Akaokota karanga nyingine. "Niliogopa. Sikurudi. Ile kijana kwa picha, anatembea peke yake, mimi naona uso yake. Nikasema, huyu anarudi. Kila siku saa nane, mimi namrudisha."

Hasira yangu ikaniponyoka. Nikaketi chini, kwenye maganda ya karanga, nikamweleza mambo yangu yote: lori, betri, mihogo, siku ile kibandani, na kituo cha polisi. Mikono yake ikaacha kazi.

"Ulikwenda kweli?"

"Nilikwenda."

"Hakuna mutu alikusukuma?"

"Wewe ulinisukuma, mzee."

"Mimi nilikuwa nasema na televisheni," akasema. "Kibanda imejaa watu. Kwenda ulikwenda wewe."

Nilikuwa nimekuja kumgombeza na sasa nikajikuta namsaidia kumenya karanga.

"Mwenzako, ulimkuta namna gani?" akauliza.

"Amekaa chini pale mahabusu, ameegemea ukuta. Midomo imekauka."

"Alisema nini, alipokuona?"

Miaka thelathini nimeisimulia habari hii, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Alisema, 'Umechelewa.' Kisha akasogea, nikae karibu yake."

Ladu akaziba uso kwa mikono yake yenye vumbi la karanga. Mabega yakatikisika. Nikamwacha amalize. Baadaye akajipangusa kwa mkono wa shati, akanielekezea kiti.

"Sema tena," akasema. "Polepole. Anza pale unaingia kwa mlango."

Nikavuta kiti karibu, nikaanza mlangoni.