Chini ya Tanga

Fundi friji alijiandikisha kwenye mafunzo ya mashua mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kumzika mkewe. Hakumwambia mtu. Aliandika tu kwa chaki kwenye mlango wa karakana kwamba Jumamosi asubuhi atakuwa amefunga.

Mkewe alifia ziwani, siku waliyokodi mashua ndogo ya tanga kusherehekea miaka tisa ya ndoa. Upepo uliwageuzia kibao, mashua ikalala ubavu, na tanga likamfunika mkewe. Fundi, jaketi la kuokolea likiwa mwilini, aling'ang'ania usukani kwa mikono miwili akipiga kelele mpaka boti ya injini ilipofika. Zilipita dakika kumi na moja. Tangu hapo, kila aliyemuuliza alimjibu jibu moja: "Hapakuwa na la kufanya." Alimwambia hivyo daktari, akawaambia hivyo wakwe zake, na usiku alijiambia mwenyewe.

Sasa alitaka kuona kwa macho yake kwamba kweli hapakuwa na la kufanya, labda moyo ungetulia.

Mafunzo yalifanyika kwenye bwawa lenye uzio wa waya. Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka mpira uliolowa, na majaketi ya kuokolea yalining'inia kwenye misumari, mengine yameliwa na panya begani. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya pili. Wanafunzi walimwita Kocha. Siku ya kwanza alimwona fundi alivyoushika ukingo wa mashua, akambandika jina papo hapo.

"Wewe Nanga! Iachie, haikimbii hiyo!"

Wenzake wakacheka. Naye akacheka, cheko la mdomoni tu.

Jumamosi mbili za mwanzo walijifunza kuinua mashua iliyopinduka. Chini ya tumbo la mashua huchomoza ubao mrefu; unaushika, unaupanda kwa miguu, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote, na mlingoti unaanza kutoka majini polepole. Fundi alianguka mara nne. Mara ya tano mashua ilisimama, maji yakimwagika pembeni. Wenzake walimpigia makofi. Yeye alibaki akielea, anatazama tanga linavyochuruzika maji.

Jumamosi ya tatu Kocha aliwakusanya ukingoni.

"Leo tunaingia chini ya tanga," alisema. "Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Tanga likikufunika, usihangaike. Inua mkono, lisukume juu, hewa itaingia. Vuta pumzi. Kisha fuata mshono mmoja tu mpaka ukingoni. Umetoka."

Zamu yake ilipofika, alizama akaibukia chini ya kile kitambaa. Kulikuwa na mwanga wa kijivu, na sauti za watu zilikuja kwa mbali kama zinatoka nyumba ya jirani. Kitambaa kilimgandia usoni. Akainua mkono, kitambaa kikanyanyuka, hewa ikaingia. Ni hivyo tu. Aliufuata mshono kwa vidole, akatokea kwenye jua.

"Hata dakika moja haijafika!" Kocha akashangilia. "Nanga umetuaibisha leo!"

Fundi alisogea hadi kwenye boti ya Kocha, akashika ukingo wake.

"Kocha, na kama mwenzako ndiye yuko chini? Wewe uko nje."

"Rahisi zaidi. Unazunguka, unaingiza mkono chini ya tanga, unalinyanyua. Apate hewa kwanza. Akinaswa na kamba, unamnasua."

"Na kama hujui kuogelea vizuri?"

"Jaketi si umevaa? Litakubeba. Unatambaa tu na ukingo wa mashua." Kocha akamkazia macho. "Vipi, umekunywa maji?"

Fundi aligeukia pembeni. Alikuwa anatapika.

Alasiri hiyo alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, nywele bado mbichi. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Baba mkwe alikuwa amesinzia sebuleni, redio inaongea peke yake.

"Mama, nimekuja kukwambia neno."

"Kaa basi, mwanangu."

Hakukaa. "Niliwadanganya. Lilikuwapo la kufanya. Leo nimelifanya mwenyewe. Dakika moja haifiki."

Vidole vya mama vilisimama juu ya mchele.

"Ulikuwa hujui," akasema.

"Tulipokodi mashua, mwenye mashua alitaka kutufundisha kwanza. Bure, nusu saa tu. Mwanao alitaka. Akanishika mkono, 'Twende tukajifunze.' Mimi nikamcheka. Nikasema tumekuja kustarehe, hatukuja kufanya mtihani."

Mama aliisukuma sinia pembeni. Hakulia. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu katika kundi la wageni.

"Alikuwa anaogopa?" akauliza. "Siku ile, kabla?"

"Kidogo. Baada ya mimi kucheka akasema basi, haidhuru."

Sebuleni baba mkwe alikohoa. Mama akainuka upesi, akaurudishia mlango wa jikoni taratibu, kisha akabaki ameuegemea kwa mgongo.

"Huyu usimwambie," alinong'ona. "Ameanza kula juzijuzi tu."

"Sawa, mama."

"Mimi umeshaniambia."

Fundi alipiga hatua kumfuata, akataka kupiga magoti. Mama akanyoosha kiganja kumzuia.

"Nenda nyumbani, baba. Nikiweza kukuona tena, nitakuita."

Fundi alitoka kwa mlango wa nyuma. Mwezi ukaisha, na wa pili, hakuitwa. Jumamosi asubuhi alifungua karakana kama zamani, akatengeneza mafriji ya watu. Wateja waliomuuliza habari za wakwe aliwajibu kuwa hawajambo.