Nyuzi Tisa

Mkuu wa maabara yetu tulimwita Profesa Slaidi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuonyesha slaidi mikutanoni; mara ya mwisho kushika pipeti, kifaa cha kunyonyea dawa, ilikuwa siku ya kupigwa picha ya kalenda. Alijua viwanja vya ndege kuliko mirija. Asubuhi ile aliingia akiburuta sanduku lake la safari, akainamia karatasi yangu ya matokeo, akacheka kwa pua.

"Binti, umechanganya lebo."

"Sijachanganya, Profesa."

Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Tulikuwa tunapasha moto polepole kimeng'enya, ile protini ya kusagia chakula, cha kijidudu kinachoharisha watoto wachanga hadi kuwaua, huku mashine ikionyesha kinafumuka na kuharibika kwenye joto gani. Kikiwa peke yake kilifumuka kwenye nyuzi arobaini na nane. Nilipokichanganya na unga namba sitini na tatu, mmoja wa dawa tulizokuwa tunazijaribu dhidi yake, kilistahimili mpaka hamsini na saba, nyuzi tisa zaidi. Kati ya aina tisini tulizojaribu, ni huo tu uliofanya hivyo.

"Kwa hiyo dawa ya kuua imegeuka ya kulinda?" aliuliza, akiwatazama wenzangu ili wacheke. Wawili walicheka, mikataba yao ilikuwa inakaribia kuisha. "Nimeagiza kizuizi, yeye ananiletea blanketi. Ijumaa friji inasafishwa. Hiyo sitini na tatu itupwe pamoja na nyingine."

Unga ule ulikuwa umebaki ncha ya kijiko. Aliyeutengeneza alishastaafu, na daftari lake lililiwa na mchwa. Ukitupwa, basi tena.

"Profesa, kizuizi hakivunji kimeng'enya," nilisema. "Kinakikaa mdomoni. Kimeng'enya hakitafuni tena, nimepima, kazi yake imesimama kabisa. Lakini kwa sababu kimeshikwa kwa ndani, joto linapata tabu kukifumua. Ni kama hilo sanduku lako. Likiwa tupu, ukilikalia linabonyea. Likipangwa nguo vizuri, halibonyei hata kona."

"Umemaliza chuo juzi, leo unanifundisha masanduku."

Fundi wetu mkongwe, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alikuwa anaosha chupa kwenye sinki. Hakugeuka.

"Basi Profesa aandike lebo mwenyewe," alisema. "Mkono wake, kalamu yake. Hapo hatakuwepo wa kusingiziwa."

Angekataaje mbele ya watu? Alivaa koti jeupe lenye mikunjo ya dukani. Aliuliza vifuniko viko wapi. Vilikuwa mbele yake. Kisha akainua pipeti juu chini, dawa ikaanza kutiririkia ndani ya mpini.

"Ncha iangalie chini, baba," Shangazi alisema kwa upole uliomchoma kuliko tusi.

Akaandika lebo, akazibandika tepu, akasaini juu ya kila moja. Mashine ilipoanza kupandisha joto, hakukuwa na kiti karibu, akalikalia sanduku lake. Lilikuwa limejaa. Halikubonyea. Nikalitazama, Shangazi akalitazama, na yeye akajifanya anasoma simu.

Mistari ilitoka. Arobaini na nane. Hamsini na saba.

Akaitia simu mfukoni.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka kuona kama una msimamo."

Wale wawili wakatikisa vichwa kwa heshima, kama watu waliokuwa wanajua pia. Profesa akaanza kuagiza: mstari wa juu uwe mwekundu, herufi ziwe kubwa, jina lake litangulie. Zile nyuzi tisa zilikuwa zimeshakuwa zake, na ndege ilikuwa inamsubiri.

Sikubishana. Kuna watoto ambao hawatajali jina la nani lilitangulia kwenye slaidi, na mimi bado naamini kazi hii ni yao. Nikaandika lebo mpya na kuibandika kwenye kichupa cha sitini na tatu, nikamsogezea.

"Na hapa, Profesa."

Akasaini bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu, akaondoka na sanduku lake. Shangazi akafuta mikono, akakichukua kichupa, akasoma lebo kwa sauti: "Kisitupwe. Kwa amri ya Mkuu wa Maabara."

Akafungua friji na kukiweka rafu ya juu, mbele kabisa.