Kifungo cha Shati Ndani ya Friza

Mkaza mwana alipofungua friza asubuhi, alitazama kikombe kwanza. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: gandisha maji kikombeni, kisha weka kifungo cha shati juu ya barafu. Friza ikizimika muda mrefu, barafu itayeyuka na kifungo kitazama. Hata vitu vikiganda tena, utajua vilishaharibika.

Leo kifungo kilikuwa chini kabisa.

Alishika mifuko ya muhogo aliokuwa ameumenya, akauloweka na kuugandisha kwa ajili ya wateja. Vipande vilikuwa vimeshikana bonge moja, vinanuka uchachu. Juzi tu fundi mmoja wa gereji ya jirani alilalamika kwamba muhogo ni mchungu, na mama mkwe akamwambia, "Akilalamika mwingine, unarudi kwenu. Mtoto anabaki. Mtoto ni wetu."

"Mama, friza ilizimika. Huu muhogo haufai."

Wifi yake, aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni, aliangua kicheko. "Nani kakwambia? Kifungo?"

"Wifi, jana kutwa ulikuwa unapiga pasi hapa jikoni. Ulichomoa friza?"

"Mama, unamsikia? Sasa mbaya ni mimi!"

"Pika," mama mkwe akasema.

Mkaza mwana akautumbukiza muhogo kwenye maji yanayochemka, akaacha sufuria wazi ili uchungu utoke na mvuke. Mama mkwe akaifunika kwa kishindo. "Gesi unanunua wewe?"

Ulipoiva, mama mkwe alipakua sahani ya kujaa, akaiweka mbele ya mkaza mwana.

"Unasema haufai. Haya, kula wewe kwanza. Ukikaa salama, tunauza. Ukikataa, basi umekiri kuwa unawapikia watu uchafu, na mlango unaujua."

Akamtazama mtoto. Akala.

"Mwongezee, mama," wifi akasema. "Anaona haya huyo."

Akaongezewa. Akala.

Kabla jua halijawa kali, alikuwa amepiga magoti nyuma ya choo, anatapika nyongo. Mama mkwe alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Kumbe kweli," akasema taratibu, kisha akaenda kumwaga sufuria nzima shimoni.

Mafundi walipokuja kula, aliwapokea kwa tabasamu. "Leo hakuna, wanangu. Mpishi mchafu yule, nimemfukuza. Nusura awaue!"

Begi lilikuwa limeshatupwa nje. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake hakuruhusiwa hata kumshika mkono.

Alipokuwa akipita chini ya dirisha la jikoni, huku amejishika tumbo, alimwona mama mkwe akijaza maji kwenye kikombe kile kile.

"Kile kifungo kiko wapi?" mama mkwe alimuuliza binti yake. "Kioshe, maji yakiganda tukiweke juu. Na wewe, pasi yako kaichomeke chumbani."