Ufunguo wa Injinia

Mama Waya hakwenda shuleni siku ile kusikiliza, alikwenda kukataa. Alifunga duka lake la kushonea nguo, akavaa gauni la vikao, na neno moja tu kalishika mdomoni: hapana. Binti yake, aliyeitwa Waya na mtaa mzima kwa wembamba wake na kwa kufungua redio za watu bila ruhusa, alitaka kwenda chuo cha ufundi kusomea umeme. Umeme! Kana kwamba kazi nyingine zote duniani zimekwisha.

Na msimcheke mama wa watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaka yake alikuwa fundi umeme. Siku moja alizima swichi kubwa kwa mkono wake mwenyewe, akapanda ngazi kuunga waya. Huko chini mtu akaona giza, akaiwasha. Basi, imekwisha hiyo. Kaka alipona, Mungu mkubwa, lakini mkono wa kulia haukupona. Tangu hapo, umeme ukikatika halafu taa zikawaka ghafla, Mama Waya hushtuka na kujiuliza ni nani yuko juu ya ngazi.

Darasani alikaa nyuma kabisa, uso kaukunja. Mwalimu wa fizikia, mwanamke wa maneno mengi na subira kidogo, ndiye aliyewaandikisha wasichana wa kwenda chuo, naye alikuwa ameandaa picha za kuwaonyesha wasichana ukutani: wanawake maabarani, wanawake juu ya mitambo ya upepo, wanawake wakifunga paneli za sola. Lakini mtaa mzima haukuwa na umeme tangu asubuhi, na projekta ilikaa mezani imenuna.

"Hawa watu wa umeme!" mwalimu akafoka. "Siku ya kuwasifu ndiyo siku ya kutuaibisha!"

"Dada, watu wa umeme ndio mimi," akacheka mgeni wake. Alikuwa mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, injinia, kaja mbio kutoka kazini na ovaroli yake na buti za vumbi. "Tulikuwa tunatengeneza transfoma hapo mtaa wa pili. Tumeshamaliza. Umeme utarudi sasa hivi."

Akaongea bila picha, na aliongea vizuri, mtoto yule. Wasichana walimmeza kwa macho. Mama Waya alipomwona binti yake kaegemea mbele, mdomo wazi, akasimama hata kabla hajaruhusiwa, akamwelekea mgeni.

"Mwanangu, nakuuliza moja tu. Wewe umeshika waya huko juu. Nani anamzuia mjinga mmoja asiende kuwasha?"

Injinia akafungua mdomo, na hapo hapo simu yake ikalia. Akasikiliza. Akajipapasa mifuko. Uso ukamshuka.

"Mungu wangu! Ufunguo wa swichi kubwa ninao mimi!" Akatoa ufunguo mdogo, mdogo kuliko wa sanduku la shule.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke aingie. "Yaani giza lote hili ni lako wewe?"

"Ni langu, dada. Nisamehe." Kisha akamgeukia Mama Waya. "Mama, jibu lako ndilo hili. Kabla ya kugusa chochote, kila fundi anaifunga swichi iliyozimwa kwa kufuli lake mwenyewe. Tukiwa sita, makufuli sita. Ukishuka salama, unatoa lako. Wenzangu wote wametoa. Mimi nikakimbilia huku nisichelewe, nikalisahau. Sasa hakuna wa kuwasha."

"Hata bosi wako?"

"Bosi ndiye huyu anayenifokea. Ufunguo wa pili hana. Na kulikata haruhusiwi mpaka anione kwa macho yake, mzima, na mikono yangu yote miwili."

Mama Waya akabaki amesimama. Mikono yote miwili! Laiti kaka yake angekuwa na kakufuli kamoja tu. Machozi yakamtoka mbele za watoto, naye hakujali, maana yalitoka pamoja na kitu kizito alichokibeba kifuani miaka na miaka.

"Kimbia basi, mwanangu, watu wanakungoja," akasema. "Na wewe Waya, mfuate. Ukaone kwa macho yako."

Wasichana wote wakatoka mbio nyuma ya injinia, mwalimu akipiga kelele wasisukumane. Wakabaki wao wawili darasani, mzazi na mwalimu.

Punde taa zikawaka, zote kwa mpigo. Kwa mazoea Mama Waya akashtuka, akashika kiti. Halafu akakumbuka: zimewaka kwa kuwa wa mwisho ametoa kufuli lake. Hakuna mtu juu. Wote wameshashuka. Akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka peke yake.

"Mwalimu," akasema, akijifuta macho, "huyo mtoto mwandikishe chuo leo leo, kabla sijabadili mawazo."