Kitambaa cha Petroli

Mimi Damari ndiye niliyempa mkwe wangu kile kitambaa. Nasema mapema msije mkatafuta mchawi.

Nauza petroli ya chupa hapa Mitundu, kwa vijana wa bodaboda. Madumu nayaweka chumba cha nyuma. Mwaka jana Editha, mke wa mwanangu Calist, alipata mimba. Wenzake hutamani udongo na ndimu, yeye akatamani harufu ya petroli. Nikimimina, anasogea. Nikifunga dumu, ananuna.

Sasa mimi nimezaa saba, nani angeniambia kitu? Kwetu mjamzito akitamani jambo, anapewa. Nikachana khanga kuukuu, nikalowesha kipande, nikamwambia, "Nusa mwanangu, roho itulie." Calist hatukumwambia. Mambo ya mimba ni ya wanawake, na yeye ana maneno mengi.

Mwanzoni alinusa asubuhi tu. Kufika mwezi wa saba, kitambaa hakikumtoka mkononi. Anajifungia na madumu, anatoka anacheka peke yake, halafu kichwa kinamgonga siku nzima. Akawa anasahau hata chungu motoni. Nikasema ni mimba hiyo. Ujuaji wangu huo.

Jumanne moja mchana nikasikia kishindo. Nikamkuta sakafuni, midomo imebadilika rangi, moyo unamwenda mbio hadi shingoni unaonekana, kitambaa kimemganda puani. Nikakitoa, nikakificha nyuma ya madumu, ndipo nikamwita Calist. Ndiyo, nilianza na kitambaa. Naona aibu hata leo.

Tulipofika zahanati alikuwa ameshazinduka. Nesi Rukaiya akampima. "Malaria hana, presha iko sawa. Editha, kuna dawa umekunywa? Kuna kitu umenusa?"

Editha akanitazama, kisha akamtazama mumewe. "Hakuna, nesi. Ni jua tu."

Nesi akaanza kuandika kwamba akapumzike nyumbani, arudi Ijumaa. Hapo nikaelewa kuwa binti wa watu ananisitiri. Nikinyamaza, narudi nyumbani na heshima yangu nzima, naye anarudi kwenye madumu.

"Ananusa petroli," nikasema. "Miezi minne sasa. Mimi ndiye ninayemlowekea kitambaa."

Calist akanigeukia. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

Rukaiya hakunifokea. Akaweka kalamu chini. "Mama, ule mvuke hauishii puani. Unaingia kwenye damu, unapanda kichwani, unamfikia na mtoto. Moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa mtu anayenusa mara ya kwanza. Leo umemwokota mzima, mshukuru Mungu."

Akachukua kile kipembe chao cha kusikilizia mtoto, akakiweka tumboni kwa Editha, akainama kusikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu, akakihamisha, akainama tena. Nikasali kwa Kinyaturu, maana Kiswahili kilinikimbia.

"Yupo," akasema hatimaye. "Moyo unapiga. Lakini tumbo ni dogo kwa miezi saba. Nawaandikia hospitali, mwende leo leo. Na hicho kitambaa asikione tena, hata akilia."

Calist akatoka kutafuta gari. Tukabaki sisi wawili kwenye benchi la nje, na wagonjwa wengine pembeni. Nikamuuliza Editha kwa nini alinifichia siri, ilhali roho yake ilikuwa inakwenda.

"Ulinipa kwa upendo, Mama. Ningekusemaje mbele ya mwanao?"

"Mwanangu, siku nyingine nikikupa ujinga, unikatalie. Unitukane hata."

Akafikiri kidogo, mkono tumboni, halafu akatikisa kichwa.

"Hilo siwezi, Mama."

Nikalia pale pale kwenye benchi, watu wakiniangalia.