Mahali Chozi Linapopata Uzito

"Alikuwa mnene kiasi gani?" Fundi aliuliza, futi yake ikining'inia shingoni. "Maana mtu wa wastani nampigia mbao nyembamba. Akiwa mnene, kitako cha sanduku kinaachia njiani, na hapo ndipo aibu."

Mjane aliyeketi kwenye benchi la karakana aliinamisha uso. Nyuma yake, kwenye cherehani, mke wa Fundi aliweka mkono kifuani upesi. Fundi aliiona ishara, akanyamaza kama redio iliyochomolewa. Kisha mke akachukua leso nyeupe, akaigusisha usoni. Fundi akaweka futi mezani, akasema kwa sauti ile ile aliyoulizia unene, "Pole sana, mama."

Mjane akaangua kilio. Mke wa Fundi alikisikiliza, akikadiria kina chake kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Kilipotulia, akakunja mikono. Hiyo ilikuwa ishara ya tatu: endelea.

"Haya," akasema Fundi. "Unene."

Walikuwa watengeneza majeneza. Yeye Fundi alipasua mbao, akapiga randa na kupaka vanishi. Mkewe alishona vitambaa vya ndani, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Satini. Zamani watu walizipita karakana tatu nzima ili wafike kwake Fundi. Akiona mfiwa mlangoni alizima mashine, akanawa mikono, akaketi naye benchi moja bila kusema lolote mpaka mwenyewe aanze. Kisha uvimbe ukaota nyuma ya paji la uso wake. Madaktari waliutoa. Alirudi nyumbani na mikono iliyotulia, hesabu kichwani bila kosa, kumbukumbu kamili. Siku ya kurudi, mkewe alimrukia shingoni akilia kwa furaha. Fundi akamwambia, "Unabana mshono."

Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwaeleza kwa kidole. Aligusa paji lake, juu kidogo ya macho. "Hapa mbele, chini kabisa, gamba la ubongo lina eneo ambalo huunganisha tunachokiona na tunachokihisi. Mumeo anaona chozi, na ukimuuliza atakwambia ni chozi. Ila mahali chozi linapopata uzito ndipo palipoumia. Na si machozi tu. Hata kuchagua kutamsumbua, kwa sababu sote huchagua kwa kusukumwa kidogo na moyo."

"Atapona?"

"Atajifunza," daktari alisema. "Kupona ni neno jingine."

Hawakumwambia mtu. Mama Satini aliogopa wateja wangekimbia, na zaidi ya hapo, alitaka watu waendelee kumwona mumewe yule yule. Ndipo akabuni ishara zake tatu. Fundi alizishika vizuri kuliko mwanafunzi wa kambi ya jeshi. Karakana ikaendelea, na hakuna aliyeshtuka. Lakini mwaka wa pili ulipokuwa ukiisha, Mama Satini alianza kuamka amechoka kama mtu aliyepiga randa usiku kucha. Alilia kilio cha kila mteja mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya Fundi. Asubuhi nzima ingekwenda Fundi akiyatazama makopo mawili ya vanishi, asijue lipi la kufungua, mpaka mkewe anyooshe kidole. Na yeye mwenyewe alipougua mgongo akalala sakafuni, Fundi alimruka akafuate misumari.

Jumatano dada mkubwa wa Mama Satini alikuja kumtembelea. Alimwangalia siku mbili tu, na Alhamisi jioni akamwita kando.

"Mdogo wangu, umekonda mpaka pete inacheza. Nimekupatia kazi kwenye duka la mapazia, jirani na kwangu. Jumamosi asubuhi naondoka. Twende."

"Na mume wangu?"

"Mume! Mtu asiyejua kama unalia au unakata vitunguu, huyo ni mume au kabati?"

"Kabati lina mlango, dada. Ukibisha, linaitika."

Walicheka wote wawili, halafu Mama Satini akaona kwamba dada yake ameacha kucheka zamani na anamtazama. "Sikulazimishi," dada alisema. "Ila kesho jioni unijibu. Mimi sitaki kuja hapa mara nyingine kukupimia mbao."

Ijumaa Mama Satini akaenda karakana akiwa bado hajalipata jibu. Mchana aliingia mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na funguo za gari mkononi. Alikuwa amefiwa na shangazi wa mbali ambaye, alisema, walionana mara mbili maishani. Alitaka jeneza la kawaida, na alikuwa na haraka. Fundi akaanza vipimo. Mama Satini aliingiza satini chini ya sindano, akakanyaga, na mshono ukaenda kombo. Akaufumua. Ukaenda kombo tena. Hapo kitu kikakatika ndani yake, akajifunika uso kwa leso.

Fundi akaweka futi mezani. "Pole sana, bwana," akamwambia mteja.

"Ahsante. Sasa, urefu..."

Fundi alinyamaza, mikono mapajani. Dakika moja ikapita. Mteja akatazama saa, akatazama dari, akachezesha funguo.

"Fundi, vipi? Tunamsubiri marehemu aje mwenyewe?"

"Nasubiri umalize kulia."

"Nani? Mimi?" Mteja aligeuka kufuata macho ya Fundi, akamwona Mama Satini, mabega yakimtetemeka. Akashusha sauti. "Ndugu yangu, mimi silii. Anayelia ni mkeo."

Fundi alimtazama mteja, macho makavu kama mbao zake, halafu akamtazama mkewe. Ungeona kabisa jinsi alivyokuwa akilipanga jambo hilo kichwani, kipande kwa kipande. Kisha akaivuka karakana, maranda yakilia chini ya viatu vyake, akasimama mbele ya cherehani.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nifanye nini?"

Miaka miwili Mama Satini alikuwa amelingojea swali hilo. Tena alilingojea kwa kinyongo, akiamini kwamba mtu anayekupenda haulizi, anajua. Sasa aliona alikuwa akimdai mtu kitu ambacho kilibaki kwenye meza ya upasuaji.

"Nimechoka," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Dada anataka nihame kesho. Nami nataka kwenda."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu nahisi kwa ajili ya wote. Kwa ajili yako, ya wateja, yangu. Sina pa kupumzikia."

Fundi akafikiri. "Ukienda, nitajua kuwa umekwenda. Sijui kama itaniuma, na sitaki kukudanganya. Lakini ishara zile sikukuomba mimi. Waambie watu nilivyo. Anayetaka aje, asiyetaka aende kwingine. Wewe ulale."

Halikuwa neno la mapenzi. Mama Satini aligeuza kila upande wa maneno yale akitafuta penzi, asilione. Alichoona ni mtu aliyemwondolea mzigo bila hata kuusikia uzito wake. Mteja, aliyekuwa amesimama na funguo zake asijue pa kutazama, alikohoa. "Mimi sina haraka," alisema. "Malizeni tu."

Jioni Mama Satini alimpa dada yake jibu. "Sihami. Ila kazi ya kumpa ishara nyuma ya watu nimeiacha leo."

"Na akiwatukana wafiwa?"

"Watakuwa wameambiwa mlangoni."

Dada alimtazama sana, akamshika shavu. "Haya. Lakini lile duka la mapazia lipo. Usisahau njia."

Jumatatu, mzee mmoja alifika peke yake. Mama Satini alimpokea mlangoni, akamwambia wazi: mume wangu alipasuliwa kichwa, atakuuliza mambo bila kupepesa, usidhani ni dharau, kazi yake utaipenda. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaingia. Naye Mama Satini akaenda chumba cha nyuma, akajilaza juu ya mabunda ya satini, mchana kweupe.

"Alikufa miguu imenyooka au imekunjika?" Fundi aliuliza kule mbele.

Kimya. Mama Satini akajiinua kwa kiwiko, mkono tayari umeelekea kifuani. Kimya kikaendelea, kirefu, asijue ni cha hasira au cha namna gani. Akaushusha mkono. Akasikia sauti ya mzee ikianza kueleza, polepole, habari za miguu ya mkewe: jinsi ilivyovimba mwaka wa mwisho, jinsi alivyokuwa akiikanda kila alasiri. Fundi hakumkatiza.

Mama Satini akalala chini tena, akageukia ukutani. Mzee alikuwa bado anaeleza usingizi ulipomchukua.